Jibu la Mama Ngalula

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawasiliano ya kampuni moja ya migodi, hapa Shituru, Likasi, sikuruhusiwa kugusa kitu. Chef de service, mkuu wa ofisi yetu, alinionyesha modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa mlio unaopita kwenye waya wa simu. "Weye, sikia kwanza," alisema. "Ikilia muzuri, tuko na Lubumbashi. Ikikohoa, unaanza tena." Nilisikiliza kutwa nzima, na ilikohoa tu.

Nyinyi vijana mnaukuta mtandao hewani. Wetu ulikuwa waya wa shaba uliofukiwa kando ya reli. Kazi za kampuni zikiisha, chef alituachia nafasi kidogo ya kundi la majadiliano. Humo watu wa Likasi waliotawanyika duniani waliandika ujumbe, na kila mtu aliusoma na kuujibu kwa wakati wake. Laini ilikuwa dhaifu, kwa hiyo leo tulichukua vichwa vya ujumbe tu, kesho ndipo tulipochukua maandishi yenyewe.

Jirani yangu Mama Ngalula, muuza unga, alikuwa na mwana, Kalala. Kalala alipanda treni kwenda Kasai wakati familia zenye asili ya huko zilipofukuzwa hapa Katanga, akapotea. Kwa niaba ya mama niliandika swali kwenye kundi. Baada ya muda mrefu kikatokea kichwa: "Kwa Mama Ngalula, kuhusu Kalala." Nilimkimbilia sokoni.

"Papa, mutoto iko muzima?"

"Sijue, Mama. Nimeona kichwa tu. Kesho tutasoma yote."

Kesho yake modemu haikulia wala kukohoa. Chef alitoka kuangalia, akarudi na udongo viatuni. "Bamechimbula waya yote," alisema. Shaba inauzika, mishahara ilikuwa haitoki, na watu walikuwa na njaa. Hayo nayajua. Lakini siku ile niliuchukia mji mzima, na hasira hiyo haijaisha.

Nilikwenda Lubumbashi mwenyewe. Kompyuta ya huko, iliyotupokelea ujumbe wa kundi, ilikuwa imeshafuta uliokaa bila kuchukuliwa. Nikauliza upya kwenye kundi nikiwa hukohuko, hakuna aliyejibu. Laini haikurudishwa. Nilihamishiwa Kakanda, kwenye redio ya mawasiliano ya kampuni, chini ya ingénieur, yaani mhandisi, asiyependa maneno, hadi nilipostaafu nikarudi hapa. Kundi nalo lilifungwa.

Mama Ngalula sasa haoni vizuri. Jumapili, tukitoka kanisani, hunishika mkono.

"Papa, nisomee tena kile kichwa."

Namsomea kwa moyo, bila karatasi, maana sina kingine cha kumsomea.

"Na jina yake baliiandika?"

"Ndiyo, Mama. Baliiandika."