Waliotoka Mikono Juu

Sufiani wa Kinole ana sauti nene, tulivu, ya kumfanya mtu amwamini kabla hajamjua. Ndiyo iliyomponza jeshini. Alipokuwa koplo katika kikosi cha kulinda amani ng'ambo ya ziwa, alipewa kipaza sauti awaite waasi waliozingirwa kilimani, kwa kuwa nao walizungumza Kiswahili.

"Wekeni silaha chini, ndugu zangu," aliwaambia. "Hakuna atakayewagusa."

Wakashuka mikono juu, wengine pekupeku, mbavu zinahesabika. Wakakabidhiwa kwa askari wa nchi ile. Kesho yake Sufiani alipita walikofungiwa, akawakuta wamefungwa kamba viwiko nyuma, wamelazwa kifudifudi kwenye tope la choo. Askari mmoja alikuwa akiwakanyaga shingoni huku akiwaamuru waimbe. Wenzake walicheka, midomo imejaa mihogo ya kuchoma.

Mateka mmoja aligeuza uso. "Wewe ndiye uliyetuita," akasema.

Sufiani alitapika palepale. Kisha akamwendea ofisa wake, Kapteni Alois.

"Afande, wale niliwapa neno langu."

"Tumeshawakabidhi, Koplo. Si wetu tena." Kapteni akaendelea kunyoa ndevu.

Tangu hapo chakula cha kambini kilimshinda. Alifua sare yake mara mbili mbili na bado aliiona inanuka. Mkataba ulipoisha hakuongeza mwingine, akarudi Kinole kwa mkewe, Zuleha, wakalima migomba na pilipili manga.

Mwaka jana mwizi wa ndizi alikimbilia kwenye mianzi chini ya nyumba yao. Majirani wakaizingira, na Mansuri, anayeswali naye safu moja, akaja kumwomba.

"Kaka, wewe atakusikia. Mwambie atoke tu, hatumfanyi kitu."

Sufiani alitazama mikono yao. Marungu, tairi, chupa ya petroli. Mansuri alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile likamtia kinyaa hata mate yakamjaa mdomoni. Akayatema, akasogea ukingoni.

"Wewe uliye humo," aliita, "usitoke huku. Watakuua. Shuka mtoni."

Mianzi ikatikisika. Watu wakatimka bondeni, lakini walishachelewa.

Jioni ile msikitini hakuna aliyempa mkono. Aliporudi akamsimulia Zuleha, naye akamuuliza kama imemuuma.

"Mikono ile?" alisema Sufiani. "Bora wakae nayo."

Akakaa jamvini, na kwa muda mrefu hakugusa ugali aliowekewa.