Adui Aliyekwama Nambis

Kutoka Tunduru nilibadilisha basi mara nne, na nilipoteremka Mbulu nilikuwa nimevaa nguo zangu zote kwa baridi. Nilifuata biashara ya kitunguu saumu. Nikapanga chumba Nambis, kwa mzee mmoja mwenye shimo shambani.

Shimo hilo lilimnyima raha. Alisema ni mabaki ya nyumba ya babu yake, iliyochimbwa ndani ya kilima, na kwamba wavamizi wa ng'ombe walipokuja, watu walitorokea njia ya chini kwa chini hadi kijitoni. Jirani yake alisema ni shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyechoka kuopoa mbuzi humo, akatangaza kwamba Jumamosi linafukiwa.

Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu video ya Ireland: maboma ya duara ya watu wa kale, na chini yake mapito yaliyobanwa makusudi ili adui ashindwe kupita. Kwa elimu hiyo, Jumamosi watu walipokusanyika kulifukia, nikajitolea kuingia kwanza.

Nilitambaa hatua kama kumi, nikakwama. Kichwa mbele, makalio nyuma, tochi mdomoni. Nikasikia kikohozi cha mwenyekiti. Mtu mzima huyo, na kule mzee haachwi bila kuamkiwa. Nikatema tochi.

"Shikamoo, mzee!"

Mwenyekiti akainama mdomoni mwa shimo.

"Marahaba. Lakini leo unaniamkia kwa upande gani?"

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Mvuteni, mhanga amenenepa!"

"Umebanwa na nini, kijana?" mwenye nyumba wangu aliuliza.

"Mawe mawili, mzee. Yamepangwa, moja kila upande."

Alipiga makofi. "Babu alisema! Mwenyeji hupita kwa ubavu, mgeni hukwama. Geuka ubavu!"

Nikageuka, nikateleza kama sabuni, nikatokea kijitoni nimejaa matope.

"Mhanga hapangi mawe," mwenyekiti alikiri. Shimo likabaki, likazungushiwa miiba.

Taabu yangu ikaanza hapo. Kila wageni walipofika, walimu, wauguzi, mashemeji kutoka Masakta, mzee aliniita hata nikiwa nakula: "Kijana, njoo ukwame." Nilikwama kwa adabu miezi mitatu.

Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, wanafunzi walikuwa njiani kuja. Mzee alinishika mkono.

"Sasa nani atakuwa adui?"

"Jirani yako, mzee."

"Yule? Mwembamba mno, atapita."

Nilipanda bodaboda bila kutazama nyuma. Ningemwona amesimama peke yake pale shimoni, ningerudi.