Kampuni ya malipo inasema siishi kwetu

Jamani, leo nimeambiwa siishi kwenye nyumba niliyozaliwa!

Kampuni ya malipo imezuia pesa za michoro yangu ya hina ninayouza mtandaoni. Wanataka bili ya umeme yenye jina langu, kuthibitisha ninapoishi.

Nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, bili ina jina la marehemu babu.

Nikaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akaniandikia barua kuwa naishi hapa na kugonga muhuri. Nikaituma.

Jibu likaja hapo hapo: "Haikubaliki. Akaunti yako imefungwa."

Nikaomba, nikabembeleza. Kila nikiandika, narudishiwa maneno yale yale.

Bibi kanikuta nnalia. "Nipigie huyo mkubwa wao, mjukuu wangu, nizungumze naye mie."

Simu ninayo mkononi. Nambari ya kupiga sina.

Mwenye kuijua aniambie, Bibi kakaa anasubiri.