Mashine Isiyopozwa na Bahari

Umri wangu wote nimeutumia kwenye mashine za boti, pale Wesha, kisiwani kwetu. Mashine ikifuka moshi mzito, mwenye boti huchekwa gatini, na fundi wake huchekwa zaidi. Ndiyo maana mwalimu wa kemia, mtu wa bara, aliponiletea lori lake dogo la kuendeshwa kwa rimoti, nilichokiona kwanza ni aibu ya ule moshi.

"Mwalimu, gari lako lafukiza kama chumba cha bi harusi."

"Liache lifukize, Mzee. Oili imo humo humo kwenye mafuta. Moshi ndiyo afya yake."

Alitaka kitu kimoja tu: nipanue tundu la kutolea moshi, injini ipate pumzi. Ilikuwa ndogo kuliko ngumi yangu, na aliiagiza mbali, akaingoja miezi mingi mpaka ikafika. Mafuta yake aliyachanganya mwenyewe, spiriti, nitro na mafuta ya mbarika kuwa ndiyo oili, kwa kipimo alichokiandika ukutani kwake. Nilipanua tundu kwa tupa nyembamba, siku mbili, macho yakiniuma. Kazi ile niliifanya vizuri.

Kosa nililifanya uwanjani, baada ya Alasiri. Mwalimu alikwenda upande wa pili kufukuza mbuzi, akaniachia lori linanguruma mkononi. Moshi ulinijaa usoni. Nikatoa bisibisi, nikafunga sindano ya kabureta, mafuta yapungue. Kidogo, kisha tena. Moshi ukakatika, sauti ikawa nyembamba na safi, nami nikajiona fundi kweli.

Nikaliweka chini. Mwalimu akalizungusha uwanja mara mbili, anacheka peke yake. Mara ya tatu likanyamaza. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Miaka yote mashine zangu zilipozwa na maji ya bahari. Hii ilikuwa na upepo tu, na yale mafuta niliyoinyima.

"Kumetokea nini, fundi?"

"Mafuta yako, Mwalimu. Umekosea kipimo."

Akaniamini. Akayamwaga yote mchangani, na nilipopita kwake wiki ile nikakuta ukuta umefutwa. Hakuagiza injini nyingine. Alipohamishwa kurudi bara nilimbebea mizigo mpaka bandarini, na bado sikusema.

Mwaka huu nikampigia simu, nikamweleza. Akapunguza redio iliyokuwa ikisikika kwake.

"Ulifunga kiasi gani?"

"Mzunguko na nusu."

"Basi kipimo changu kilikuwa sawa."

"Kilikuwa sawa, Mwalimu."

"Mpaka nastaafu, Mzee, kila dawa ya maabara nilikuwa naipima mara tatu. Wanafunzi wakinicheka. Nilidhani mkono wangu si wa kuaminiwa."

Nikamwomba radhi. Akasema amechoka, tutazungumza siku nyingine. Hajapiga tena, na mimi sioni haki ya kumpigia.