Akina Mbambu Watatu na Tarishi wa Kabalagala

Saa tatu asubuhi, ghorofani juu ya baa ya kuku wa kuchoma huko Kabalagala, jijini Kampala, vyerehani vinanguruma. Printa ndogo iliyowekwa juu ya kabati inakohoa na kutema karatasi. Anselme, fundi wa kukata, anaichukua bila kuuliza imetoka wapi. Anaisoma, kisha anatandaza kitambaa mezani.

Karatasi hiyo ina kifua, kiuno na nyonga za mama muuza nyanya aliyepimwa muda mfupi uliopita katika soko la Kalerwe, upande wa pili wa mji. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyenakili kitu.

"Ni tarishi," anasema Esperance Mbambu, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Yeye analeta tu. Hana mdomo, hana njaa."

Tarishi huyo si mtu. Ni mnyororo wa kazi unaojiendesha, ambao Esperance, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, aliuunganisha mwenyewe. Mpimaji anapoandika vipimo kwenye programu ya maandishi iliyo katika simu yake, mnyororo huvichukua, huvipanga na kuvipeleka kwenye ghala la data lililoko mtandaoni. Kutoka ghalani, Anselme hupata karatasi yake, na mwenye karakana huona nguo ipi imekatwa, ipi imeshonwa, na ipi bado inasubiri.

Esperance alitoka Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka tisa iliyopita. Kampala alianza kwa kuchaji simu za watu Kalerwe, halafu akaajiriwa hapa kama mshonaji. Hakufaulu.

"Pindo zake zilikuwa zinatembea kama nyoka amelewa," anasema Mama Victoire, mwenye karakana, ambaye naye ni Mkongo. "Nikamwambia, mwanangu, weka sindano chini kabla hujaumiza mtu."

Esperance hapingi. Akapewa kazi ya kunakili vipimo kutoka simuni kwenda daftarini, na hapo nako tarakimu zilimponyoka. Katika kila nguo kumi, mbili zilirudishwa na wateja. Jioni alihudhuria mafunzo ya kompyuta yanayotolewa bure kwa wakimbizi, na huko ndiko wazo la tarishi lilikozaliwa. Leo nguo zinazorudi hazifiki mbili katika mia.

Lakini mwezi Machi nusura tarishi afukuzwe kazi.

Chanzo kilikuwa mtandao. Anena, mpimaji wa karakana, ni Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda na binti wa askari polisi. Hupima watu majumbani, makanisani na kwenye kambi za askari. Mtandao ukisuasua, simu yake hutuma andiko lile lile mara mbili au tatu. Ili ghala lisijae marudio, Esperance alimpa tarishi amri moja: ndani ya oda moja, jina likijirudia, shika la mwisho na ufute lililotangulia. Aliijaribu amri hiyo kwa sare za kwaya ya familia za polisi. Haikuwa na kasoro.

Kisha ikaja harusi ya Wanande.

Wanande, ambao ni kabila la Esperance mwenyewe, humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza wa nyumba hii ni Masika, na wa nyumba ya jirani ni Masika vilevile. Mbambu nalo lina nafasi yake, ndiyo maana ukiliita sokoni Butembo huwezi kujua ni wangapi watakaoitika. Bibi harusi alikuwa na wapambe sita. Watatu waliitwa Mbambu.

Siku ya Alhamisi wanawake sita walipanda ngazi kujaribu nguo. Walikuta magauni manne yametundikwa.

"Mbili ingine iko wapi?" aliuliza shangazi wa bibi harusi, anayejulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Gradi. "Nyinyi mafundi, mumekula kitambaa yangu?"

"Mama, kitambaa kiko hapa," Anselme alijibu. "Nilikiona kimebaki kingi, nikajisifu kwamba mkasi wangu una baraka."

"Baraka ya kuacha watoto wangu uchi!"

Anena aliinua mikono. "Nyabo, mama yangu, mimi nilisikia unaita Mbambu, nikaandika Mbambu. Ukaita tena Mbambu, nikaandika tena. Mimi Mwacholi, nitajua aje?"

Esperance alikwisha kuelewa. Ghalani alikuwemo Mbambu mmoja tu, yule mdogo aliyepimwa mwisho. Wenzake wawili, mmoja mrefu na mmoja anayenyonyesha, walifutwa kwa amri yake mwenyewe. Alieleza hivyo mbele ya wote, kwa sauti ndogo.

Mama Gradi alimgeukia. "Na wewe, binti, jina yako nani?"

"Esperance."

"Ile ya nyumbani."

"Mbambu."

Karakana nzima iliangua kicheko, isipokuwa Mama Victoire. Harusi ilikuwa Jumamosi, na nusu ya wateja wake husali katika kanisa lile lile la bibi harusi. Alitoa uamuzi wake papo hapo: magauni yale mawili yasipokamilika, karakana ingerudi kwenye daftari na Esperance angerudi kwenye cherehani.

"Nikamwambia, Mama, hiyo si adhabu yangu," Esperance anakumbuka. "Hiyo ni adhabu ya wateja."

Akina Mbambu wawili walipimwa upya wakiwa wamesimama palepale. Ijumaa Anselme alikata, na kila mshonaji akaweka kando kazi yake. Mmoja alichukua mikono, mwingine kola, mwingine marinda. Esperance alipewa pasi ya mkaa na kuonywa asiguse uzi.

Adhuhuri printa ikakohoa. Anena, aliyekuwa amekwenda kwa wateja wengine, alikuwa akipima wahudumu wa hoteli moja. Ikakohoa tena, na tena. Kufikia jioni rundo la karatasi lilikuwa limekaa juu ya kabati, limepangwa, bila mtu hata mmoja kuinuka kwenye cherehani yake. Enzi za daftari, mtu mmoja angepoteza siku nzima kwenye oda hiyo.

Mama Victoire alizipekua karatasi moja moja.

"Huyu mtu wako hajaambiwa kwamba leo tuko na msiba?"

"Hajaambiwa, Mama."

"Basi usimwambie."

Magauni yalitoka usiku huo. Jumatatu Esperance alibadilisha amri. Sasa Anena hutembea na vipande vya vitambaa vilivyobaki mezani kwa Anselme, kila kimoja kikiwa kimedariziwa namba. Kila anayepimwa hupewa kipande chake, na andiko huanza na namba hiyo. Tarishi akikuta namba imejirudia, anafuta. Akikuta jina limejirudia, anapita bila kufuta.

Juu ya meza ya Esperance imetundikwa picha ya harusi. Yeye naye yumo, pembeni, kwa sababu Mama Gradi alimwalika. Mpiga picha alipoandaa kamera, shangazi alipaza sauti: "Mbambu, sogea mbele!" Waliosogea ni wanne, na ndivyo picha inavyowaonyesha, mguu mmoja hewani, wakitazamana na kucheka.

Karakana tatu za Wakongo zimekwisha kuomba tarishi kama huyo. Esperance anataka kukodi chumba kidogo Nsambya mwakani, aanze kuwaunganishia, na kufundisha wasichana wawili kazi hiyo.

"Aende," anasema Mama Victoire. "Ila mambo ya pindo asimfundishe mtu."

Simu ya Esperance inalia. Ni Anena, akiwa Luzira kwa familia za askari, na nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Dada, huku kuna mapacha, nyumba mbili. Unajua sisi Waacholi, pacha msichana wa kwanza ni Apiyo, wa pili ni Acen. Kwa hiyo nina Apiyo wawili na Acen wawili!"

"Umewapa vipande?"

"Nimewapa. Mmoja anakitafuna."

"Basi tuma."

Printa inakohoa. Anselme anazikusanya karatasi na kuzihesabu kabla ya kugusa mkasi.

Ziko nne.