Jicho Nililomkata Mjukuu Wangu

Hapa Sofu, Kibaha, nina jirani aliyehamia na mumewe kutoka Iringa. Anafuga simbilisi. Kwa asiyewajua, ni vinyama vya jamii ya panya, vinene, havina mkia, utadhani sungura waliokatwa masikio. Mjukuu wangu ana miaka tisa, namlea mimi. Kila akitoka shule lazima apitie kwa jirani kuwatazama.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa pale barazani kwa jirani. Mtoto akaja, akatoa shikamoo, akachuchumaa kwenye banda. Jirani akamtoa mmoja mweupe, akamwekea mapajani.

"Kwetu hawa ni mboga," akasema. "Lakini huyu namwonea huruma. Unamtaka, mwanangu? Umfuge mwenyewe."

"Nyie watu wa bara mtatulisha panya!" nikamtania.

"Na nyie wa pwani mnakula pweza, ana miguu minane, nani kawauliza?"

Tukacheka. Mtoto hakucheka. Alikuwa amemshika yule mnyama kwa mikono miwili, kidole gumba kinampapasa katikati ya masikio. Akainua uso, akanitazama. Nami nikamkata jicho.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

"Hapana, asante," mtoto akasema. "Nimeshiba."

Jirani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Umeshiba nini, mwanangu? Kwani nimekwambia nampika?"

Mimi sikuweza kucheka tena. Neno lile nalijua lilikotoka.

Lilitoka Kisarawe, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Nilipelekwa pale mama alipofariki, na darasa la nne nikatolewa shule nikamenye mihogo yake. Hata nisipomtaja jina, watu wa kule wanamjua. Alikuwa na sheria: ukikaribishwa chakula, sema nimeshiba. Najua, ndiyo adabu ya kila nyumba. Lakini kwa wenzangu mtoto akisema nimeshiba, anabembelezwa mara ya pili, anakula. Mimi mara ya pili nilikatwa jicho, na jicho lisipotosha nilifinywa paja, mkono umepita chini ya kanga ili wageni wasione. Mumewe alikuwa anaona. Alikuwa anatafuna na anaona.

Idi moja sikuwa nimekula tangu jana yake. Mgeni akanisogezea sahani ya pilau. Nikasema nimeshiba. Mama mdogo akasema mbele za watu, "Huyu mtoto ana adabu." Nikafurahi. Kufinywa nimeshasahau kunaumaje, lakini kule kufurahi hakujanitoka.

Hao wawili nimewasema miaka yote, misibani, harusini, kwa anayetaka kusikia na asiyetaka. Sasa imebidi nimwongeze wa tatu, na wa tatu ni mimi. Mjukuu wangu sijawahi kumfinya. Sijawahi kumlaza njaa. Nilidhani hiyo inatosha. Kumbe kule nilitoka na jicho, na mtoto amelisoma siku zote hizi bila mimi kujua kuwa ninalo.

Kesho yake nikamrudisha mtoto kwa jirani. Nikasema, "Hebu muulize tena." Kisha nikageukia ukuta ili mtoto asione uso wangu. Mtu mzima, na mvi zangu, nimeelekea ukutani kama niliyepewa adhabu.

"Unamtaka?" jirani akauliza.

Nikawasikia simbilisi wanatafuna majani.

"Bibi akitaka," mtoto akasema.

"Bibi simuulizi mie. Bibi yako anataka pweza."

Mtoto akacheka kidogo tu. Mimi aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto. Jirani akamwambia taratibu, "Basi huyu simchinji. Siku ukijua unachotaka, njoo peke yako."

Njiani nilitaka kumwambia mchukue, nimekuruhusu. Nikajizuia. Hapo napo ningekuwa nimejibu mimi.

Hii ni wiki ya pili. Hajasema kitu, na mimi sijauliza. Usiombe kukaa na mtoto anayekuchungulia usoni kabla ya kusema kama ana kiu. Nilikuwa naona ni utulivu. Nilikuwa namsifia kwa watu, "Huyu wangu hana makuu," na watu wananiambia umelea.

Jana alasiri alitoka nyuma ya nyumba na nyasi kwapani. Akasimama mlangoni, akingoja nimtazame. Nikaendelea kuchambua mchele, macho kwenye ungo, ingawa mawe yalishakwisha. Akangoja. Nikahisi shingo inaniuma kwa kuinama. Kisha nikasikia ndala zake zinaelekea kwa jirani.