Fundi Anayebomoa Saruji ya Baba Yake

Saa moja asubuhi maji yamekupwa na tope la wangwa linanuka. Nevio Tagliapietra amepiga magoti chini ya ukuta wa bwalo la watawa, patasi mkononi, anang'oa tofali lililoliwa na chumvi. Linatoka vipande vipande. Analigusa lililo jirani yake, bovu vilevile, analiacha.

"Hung'oi mawili yaliyopakana," anasema bila kugeuka. "Ukiwa na pupa, ukuta unakulalia."

Kazi hii mafundi wa Venisi huiita fumua-shona: unatoa tofali bovu, unatia zima, unasubiri chokaa ishike, ndipo unahamia lingine. Nevio, mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa kisiwa cha Burano, ameifanya tangu ujana, na sehemu kubwa ya ujana huo imeishia kwenye kisiwa hiki kidogo cha San Zenone.

"Mke wangu husema niliuoa ukuta huu kabla yake," anacheka. Kicheko hakidumu.

Alhamisi anakuja Mkuu wa shirika kutoka bara. Watawa wamebaki wanne, wazee watupu, na tetesi ni kwamba akiuona ukuta unavyomomonyoka atawahamishia mjini na kuifunga nyumba. Kabla ya hapo, kesho, yanatarajiwa maji ya kujaa. Si mengi kiasi cha kuinuliwa malango ya baharini yanayozuia mafuriko, ila kuingia bwaloni yataingia.

Nyumba hii ilishawahi kufungwa. Zaidi ya karne mbili zilizopita wanajeshi wa Kifaransa waliwatimua watawa, kanisa likawa ghala la baruti. Wawili walirudi uzeeni kwa mtumbwi wa kuazima, wakakuta mbuzi wa wavuvi wamelala madhabahuni. Nevio anaonyesha historia hiyo kwa kidole: matofali membamba ni ya watawa wa kwanza, manene ni ya waliorudi. Halafu inakuja saruji ya kijivu, na hapo sauti yake inashuka.

Saruji hiyo aliipiga baba yake, marehemu Bepi, baada ya mafuriko makubwa ya 1966, tena bila malipo. Kila Novemba watawa humtaja kwa jina kwenye misa. Lakini saruji haipumui. Imefungia chumvi ndani, na nyuma yake matofali yamekuwa unga.

"Ningewaambiaje?" anauliza Nevio. "Mzee amelala na sifa zake. Mimi mwanawe ndiye nimvue nguo?"

Kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza pembeni, akiikwepa. Leo hana pa kukwepea, maana ufa umefika dirishani. Anagonga. Pande la saruji linaanguka, unga mwekundu unamwagikia magotini. Wakati huohuo anatokea Bruda Egidio, mlezi wa nyumba, mwenye miaka 81, na kibirika cha kahawa.

Mzee anautazama unga: "Hiyo ya Bepi."

"Ya baba, Bruda. Ndiyo inayouua ukuta. Unisamehe, nilijua zamani."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Mjinga we!" Bruda anammiminia kahawa. "Unadhani nani alimkorogea? Mimi, kijana wa juzi, nabeba ndoo. Bepi alitaka chokaa. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania saruji, tena nyingi, maji yasirudi. Akanitii kwa sababu ya kanzu yangu ya utawa tu. Novemba zote hizo, ulidhani namshukuru tu, simwombi radhi?"

Nevio anaiweka kahawa chini. Machozi yamemjaa, na hayafichi.

Alikuwa amepanga kuupaka ukuta chokaa Jumatano ili Mkuu auone mweupe. Wameafikiana na Bruda kwamba hapakwi kitu: aje aukute wazi, unga na yote, na Bruda mwenyewe atamweleza ulivyofikia hapo.

Je, ukuta utahimili maji ya kesho?

"Sijui. Usiniulize hilo."

Anatumaini kuufikisha ukarabati dirishani kabla ya Noeli, kama wazee wataachwa wabaki. Na nyumba ikifungwa?

"Nitakuja na mashua yangu," anasema, akichukua mwiko. "Watakuwa wamefunga mlango. Mimi kazi yangu iko huku nje."